Ufito wa Saverio

Mpangaji wangu Cleopas Wamalwa alizunguka Kampala wiki tatu nzima na soksi yenye misumari mfukoni. Akiingia duka la vifaa vya uvuvi anaitoa, anaining'iniza kwenye kidole cha mkono wa kushoto, na mkono wa kulia anashika rili, lile gurudumu dogo la kukunjia mshipi, kisha anapima huku amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Wenye maduka walimcheka. Majirani nao wakaja kwangu. "Afande, huyu Mukenya wako kichwa iko sawa?" Niliwajibu kwamba kodi analipa na kelele hana, na kama huo ndio wazimu, basi waniletee wapangaji wengine wenye wazimu.

Mimi ni Docus Acen, sajenti mstaafu wa polisi, mzaliwa wa Lira, miaka thelathini na moja ndani ya yunifomu. Nyumba yangu iko Kyebando. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, ndicho alichokuwa nacho Wamalwa. Naandika habari zake kwa sababu yeye mwenyewe hataziandika, na kwa sababu kuna sehemu inayonihusu mimi ambayo sijaitamka mbele ya mtu yeyote.

Kazi yake ni kutengeneza fito za kuvulia. Wageni na matajiri wanaokwenda Mto Nile kutafuta sangara wakubwa huvunja vifaa vyao, halafu vifaa vinaletwa Kyebando, fito nene kama mpini wa jembe na rili nzito zilizojaa mchanga. Wamalwa anazifungua kwenye sinia, anazisafisha kwa mswaki na mafuta, anazirudisha zikizunguka bila sauti. Kabla ya hapo alishusha magunia Kawempe, akalinda geti la watu, akauza mayai ya kuchemsha. Mke alimpata na mke akamwacha. Hana maneno mengi. Ukimuuliza habari za kwao anakwambia, "Kwetu ni mlimani, Afande, kuna baridi," na hapo mazungumzo yamekwisha.

Ilinichukua miaka minne kumtoa hadithi yenyewe. Kwao ni upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Yeye na kaka yake Saverio walikuwa wakiwaongoza wavuvi wa kigeni kwenye mito ya baridi yenye samaki waitwao trauti. Saverio ndiye aliyekuwa fundi, yeye mfuasi. Mzee mmoja, jaji, alipoondoka nchini alimwachia Saverio ufito wake na rili yake, na kwa ufito huo Saverio akawa mtu wa kutafutwa, kila mgeni anamtaka yeye. Basi Jumapili moja ya mwaka 2001, Saverio akiwa misani, mdogo wake aliuchukua ufito, akauuza Kitale, akapata nauli, akavuka mpaka. Saverio akaishia kubeba magunia ya mahindi hadi bega la kulia likaharibika.

"Mimi niliiba mkono ya ndugu yangu," aliniambia. Nilishasikia wezi wengi wakikiri, na wengi wao walikiri kwa sababu wamekamatwa. Huyu hakuna aliyemkamata.

Januari hii Saverio akatuma salamu. Shemeji yake, Odero, kaka wa mkewe Moreen, alifika Kampala kwa biashara yake ya vitunguu, akaulizauliza hadi akapafikia kwangu. Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki akasema, "Kaka yako anasema yaishe. Anasema ulete ufito ule wa kuvulia nimfu, muende mtoni nyinyi wawili kabla mvua za Aprili hazijachafua maji." Wamalwa aliuliza kama Saverio ni mzima. Odero akasema ni mzima kabisa, miguu tu inavimbavimba. Alipoondoka, Wamalwa aliingia chumbani akafunga mlango, nami nikamsikia akilia. Sikubisha hodi. Mwanamume akilia kwa furaha mwache amalize.

Nikamwambia ampigie kaka yake simu. Akakataa. "Nitampigia nikiwa na kitu kwa mkono."

Hapo ndipo uchaguzi ulipoanza, na hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo mwanamke wa Lira hana haja nayo. Trauti, alinieleza, hula zaidi chini kwenye mawe, ambako wadudu wa majini hukaa kabla hawajaota mabawa. Mdudu huyo mchanga ndiye wanayemwita nimfu. Mvuvi hutengeneza wa bandia kwa uzi na unyoya juu ya ndoana ndogo, anamwacha abingirike na maji juu ya changarawe, na yeye anasimama ameinua mkono, anasikiliza kwa vidole. Trauti havuti kama sangara. Anagusa tu, na ukichelewa amekwisha kumtema. Ndiyo maana ufito sharti uwe mrefu, ili mshipi usilale juu ya maji ukachukuliwa na mkondo, na uwe mwepesi wenye ncha laini, ili ule mguso ufike mkononi.

"Na rili?" nikauliza.

"Rili kazi yake kubwa ni kukaa nyuma na kuwa na uzito wa kutosha."

Nikamwambia kazi hiyo naifahamu, marehemu mume wangu aliifanya miaka kumi na minane. Wamalwa akacheka, lakini hakuacha somo. Ufito mrefu ncha yake huinama, na mvuvi anaubeba kwa bega siku nzima. Ukiweka nyuma ya mkono rili yenye uzito unaolingana, ufito unalala sawa wenyewe na bega linapumzika. Saverio hana bega. Kwa hiyo, kwa Wamalwa, huo ulinganifu ndio uliokuwa zawadi yenyewe.

Maimunah, mfanyabiashara wa Kawempe anayenunua vitu vya nyumbani vya wazungu wanaohama, alimletea fito mbili. Wa kwanza ulikuwa na kasha la ngozi na maandishi ya dhahabu, futi tisa, mgumu. "Ssebo, huu ndio wa watu wakubwa," Maimunah akasema. Wa pili ulikuwa futi kumi, vipande vinne, mshikio umechakaa hadi mweusi na pete moja ya kupitishia mshipi imeng'oka. Wamalwa aliniita uani, akanipa niushike wa kwanza nikiwa nimefumba macho, naye akasimama mwisho wa uzi na jani la nyasi la kuugusia.

"Nimegusa?"

"Bado."

"Nimegusa mara tatu, Afande."

Akanipa wa pili. Kabla hajauliza nilishtuka, maana kitu kilinigonga ndani ya kiganja, kidogo sana, kama mtoto anapocheza tumboni mara ya kwanza. Niliufungua mkono na kuutazama. Akauchukua huo uliochakaa, akaufungia pete mpya kwa uzi wa hariri, akaupaka vanishi mara nne, kila mara akisubiri siku mbili ukauke. Maimunah aliondoka na kasha lake la ngozi amenuna.

Kisha rili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ncha ikainama. Ya pili ilikuwa ya sangara, nyuma pakazama. Ndipo akafunga soksi mahali pa rili, akawa anatia msumari mmoja mmoja hadi ufito ukalala sawa juu ya kidole chake, akaipeleka soksi kwa muuza nyama ikapimwe. Gramu mia moja sitini na tano. Baada ya hapo ndipo Kampala nzima ilipomjua. Alipata rili yenye uzito ule ule, mimi nikashukuru Mungu, yeye akairudisha! Eti breki yake inakamata kisha inaachia ghafla, na uzi wa nimfu ni mwembamba, utakatika. Februari ikaisha. Nikamwambia, "Wamalwa, mchagua jembe si mkulima."

"Mimi si mkulima, Afande. Mimi ni mwizi anarudisha."

Nikamwachia sinia yake, nikaenda kuanua nguo.

Rili ilipatikana Jumatatu, tarehe kumi na sita Machi. Maimunah aliikuta ndani ya sanduku la vitu vya kuchezea vya watoto, ndogo, ya kijivu, imekwaruzwa. Wamalwa aliisafisha, akaisikiliza karibu na sikio, akaifunga kwenye ufito, akaweka kidole chini ya mshikio. Ufito ukalala sawa. Ulitulia kabisa, futi kumi nzima. "Imekubali," akasema. "Afande, angalia, imekubali!" Sikujua kwamba mtu huyu ana meno mengi kiasi kile. Akasema ataondoka Alhamisi, na kwamba jioni ile ile atampigia Saverio.

Simu yake ikalia kabla hajaishika. Ilikuwa saa tisa na nusu. Alikuwa Odero, na sauti yake ilikuwa kubwa, hata mimi niliisikia. "Cleopas, kaka yako anaumwa. Toka huko uje. Njoo sasa." Ikakatika.

Sasa niwaeleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na wa kwao pia. Kifo hakisemwi kwenye simu. Mtu akifa mbali nawe utaambiwa anaumwa, njoo. Hutaambiwa na mke wala mtoto, maana wao wanalia. Atapiga shemeji au jirani. Hatakusalimia, kwa sababu salamu zitamlazimisha aseme nyumbani hawajambo. Nawe hupigi simu kuuliza. Unafunga mzigo, unalia njiani. Kazini mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwa wajane wa askari, kwa kuwa nilijua kusema bila kusema. Hakuna aliyenizidi katika hilo, nami nilijisifu nalo.

"Amekusalimia?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Moreen hajaongea?"

"Hapana."

"Pole, ndugu yangu. Kaka yako ameenda."

Alinitazama. "Afande, amesema anaumwa."

"Wote husema anaumwa."

Akaanza kutafuta namba ya Moreen. Nikamnyang'anya simu. Nakumbuka hasa jinsi nilivyoivuta, kama nilivyokuwa namvua mahabusu mkanda. "Unataka mjane akutamkie kwa mdomo yake? Huna haya?" Akasema basi aondoke jioni ile ile, atafika asubuhi. Nikamwambia, "Miaka ishirini na tano hujaonekana, halafu uingie matangani peke yako, mikono mitupu, kama mtu amekuja kudai shamba? Haraka haraka haina baraka. Kaa, tukusanye watu wenu, ufike kama mtu mwenye watu."

Aliuinua ufito kidogo. "Na hii?"

"Hiyo ya nini tena? Utavua na nani?"

Akaufungua vipande vinne, akavifunga kwenye kitambaa, akavitundika ukutani. Mikono yake ilitulia alipofanya hivyo. Yangu ndiyo iliyokuwa na haraka, kwa sababu nilishaanza kuhesabu mikeka.

Uani kwangu tukakaa matanga Jumatatu hiyo na Jumanne. Wakenya wa Kawempe na Kyebando walifika, wakaimba nyimbo za kanisa, wakanywa chai, wakapanga gari. Wamalwa alikaa ukutani na blanketi mabegani. Kwa fundi mmoja wa njia ya Mulago niliagiza msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, maandishi meusi, jina la Saverio, mwaka aliozaliwa, na tarehe aliyofariki. Tarehe nilimtajia mimi. Kumi na sita Machi, nikamwambia, na aiandike vizuri isije ikafutika na mvua.

Jumanne mchana Odero akapiga tena. Simu ilikuwa kwangu, kwani mfiwa hasumbuliwi.

"Cleopas yuko wapi?"

"Amekaa na watu. Gari imepatikana, tunakuja kesho, watu kumi na wanne."

"Watu kumi na wanne wa nini?"

"Si kwa heshima ya kaka yake?"

"Sawa, mama," akasema polepole. "Lakini fanyeni haraka."

Nilidhani anahofia chakula. Nikawaambia watu wetu wabebe mchele na sukari yao.

Tulitoka Jumatano alfajiri, tukavuka mpaka, tukafika mlimani saa tisa alasiri. Kulikuwa na baridi kweli, kama alivyosema. Tulikuta turubai limesimamishwa, wanawake wanalia, wanaume wanapasua kuni, na Wamalwa akaanza kulia tangu getini, akaingia amejishika kichwa, ndugu wakamdaka. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari. Nilijisemea moyoni, si nilijua?

Tukakaribishwa, tukapewa maji. Vijana wetu wakaushusha msalaba, wakaufungua kwenye karatasi, wakauegemeza kwenye nguzo ya turubai. Odero alikuja kuutazama. Aliinama, akasoma, akapitisha kidole kwenye maandishi.

"Hii tarehe ni ya nini?"

Akageuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumi na sita ni Jumatatu," Odero akasema. "Jumatatu alikuwa hai. Jana alikuwa hai. Amekufa leo asubuhi."

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na kikombe mkononi. Chai ilinimwagikia magotini na sikuhisi moto. Moreen, mjane, alitoka ndani akiwa ameshikwa na wanawake wawili, akakaa karibu na Wamalwa, wala hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Jumatatu daktari alisema moyo umechoka, ndiyo nikamwambia Odero akuite, simu yangu haina moto," akasema. "Alikunywa uji. Akaniambia nimtolee kiti nje, atazame njia. Alisema, Cleopas akifika asinikute nimelala. Jana pia alikaa. Kila pikipiki ikipita anauliza, ni yeye?"

"Jana saa ngapi?" Wamalwa akauliza.

"Tangu asubuhi mpaka jua likazama. Tulimbeba kumwingiza."

Jana tangu asubuhi sisi tulikuwa Kyebando tunaimba.

"Alitaka tu kuushika ule ufito," Moreen akaendelea. "Mtoni alijua hatafika. Alisema atajua kwa kuushika kama bado unakumbuka alichokufundisha. Umeuleta?"

Wamalwa alimwonyesha mikono mitupu. "Nimeuacha Kampala, shemeji. Lakini niliupata. Mrefu. Bega lisingeuma."

Odero alikuwa bado amesimama kando ya msalaba. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. "Mimi nilisema anaumwa. Nilisema njoo sasa. Nani aliwaambia amekufa?"

Watu wetu wakatazama chini. Wote walijua. Miaka thelathini na moja nilipiga meza mbele ya watu waliokuwa wakinyamaza namna ile, nikiwaambia kwamba asiyesema ndiye mwenye kosa. Sasa swali lilikuwa langu, na jibu lilikuwa maneno mawili, ni mimi. Ulimi wangu ukakataa.

"Hakuna mtu," Wamalwa akasema. "Ni mimi mwenyewe nilifikiri vibaya. Niliogopa kuuliza."

"Miaka yote hii, na ukafikiri amekufa?"

"Ndiyo."

Odero alitema mate pembeni, akaondoka. Nami nikaachia jambo lipite. Sikuinua hata uso. Nilisikia wanawake wa pale wakinong'ona juu ya ndugu aliyemletea msalaba mtu aliye hai, na kwamba huenda ndio uliomuua, na bado nikanyamaza. Naona aibu hadi leo, na aibu hiyo hainisaidii kitu.

Baada ya muda Wamalwa akainuka, akaenda kuazima kisu na rangi nyeusi iliyobaki kwa jirani aliyepaka milango. Akaulaza msalaba juu ya benchi. Msalaba ukawa unateleza kila anapokwangua. Akageuka, akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, akaniita kwa sauti ile ile anayoniita nayo kila asubuhi.

"Afande. Njoo unishikie."

Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye nyasi, nikashika mbao kwa mikono miwili. Aliikwangua ile sita taratibu, kwa uangalifu wake wa siku zote, unga mweupe na mweusi ukaniangukia vidoleni. Nilikuwa natazama hiyo sita badala ya mikono yangu, na mbao ikateleza.

"Shika vizuri," akasema. "Hii ni nane, isije ikapinda."

Nikashika vizuri, naye akaandika.